Shingo ya Sura ya Tano

Kipupwe kilipoingia, majirani walilalamika kuhusu mafua na nguo zisizokauka. Mtunza majalada alifurahi kama mtu aliyefikiwa na mgeni aliyemngoja mwaka mzima. Alishusha kikapu cha nyuzi kutoka juu ya kabati, akapuliza vumbi, akazikagua sindano zake za kufumia moja baada ya nyingine, kisha akawatangazia wa nyumbani kwake: "Kuanzia leo, nikiwa nafuma, mtu asiniulize chumvi iko wapi. Iko pale ilipokuwa jana."

Mumewe, fundi wa majokofu, akamkonyeza binti yao mkubwa. "Umesikia? Mama yako ameolewa tena."

"Na safari hii nimepata mwenye joto," alijibu bila kuinua macho.

Alikuwa na stashahada ya utunzaji wa kumbukumbu na miaka kumi na saba kwenye masjala ya hospitali, na katika miaka hiyo hakuwa amepoteza jalada hata moja. Alihesabu kila kitu. Alijua ngazi za hospitali ni ngapi, vifungo vya koti la mganga mkuu ni vingapi, na kile kimoja kilidondoka lini. Ukimwambia "kama watu thelathini hivi," alikuuliza: "Thelathini, au kama?"

Kilichokuwa kipya mwaka huu ni hadithi.

Ilianza kwa ugomvi. Gazeti la kila Jumamosi lilikuwa na hadithi ya mfululizo, na humo mwanamke mmoja aliinjika maharage asubuhi, akaenda kubembelezwa bustanini kutwa nzima, akarudi jioni na maharage hayajaungua. Mtunza majalada alimwandikia mhariri barua ya kurasa mbili. Mhariri alimjibu kwa mstari mmoja: "Kama unaweza kuliko yeye, andika wewe."

Akaandika. Jaribio la kwanza lilikuwa la wizi wa benki, lenye magari matatu na bastola mbili. Binti yake, aliyekuwa mwaka wa pili chuoni na ambaye ulimi wake hakuuokota jalalani, bali aliurithi, alilisoma akiwa amesimama, akaliweka mezani.

"Mama, huyu jambazi anaendesha gari kwa gia ya tisa."

"Haipo?"

"Na bastola imepiga risasi mara kumi na tisa bila kujazwa. Hawa watu huwajui. Unapenda nini wewe?"

"Nawapenda ninyi."

"Acha hizo. Unapenda nini kweli kweli?"

Akafikiri. "Baridi," alisema mwishowe. "Mvua ya rasharasha, blanketi magotini, chai ya tangawizi, na uzi."

"Basi mwandike mtu mwenye baridi."

Ndivyo alivyozaliwa mjane wa ghorofa ya tatu. Kila asubuhi mjane huyu alichungulia dirishani na kumwona mpangaji wa chini, fundi saa, akifungua kibanda chake akiwa na shati jepesi, mabega yameinuka kwa baridi. Hawakuwa wamewahi hata kusalimiana. Mjane akaanza kumfumia sweta ya kijivu kwa kumkadiria kwa macho. Sura ya kwanza alifuma mgongo, ya pili kifua, ya tatu mkono wa kulia, ya nne wa kushoto, ya tano akaunganisha na kufuma shingo. Wasomaji walitaka kujua jambo moja tu: atampelekea, au atafia na aibu yake dirishani?

Mwandishi alijiita Mama Kipupwe, na nje ya nyumba yake, ukimwacha mhariri, hakuna aliyejua ni nani. Alikuwa na namna yake ya kufanya kazi. Daftari mezani, sweta mapajani, na hakuandika kitanzi ambacho hakikuwa kwenye sindano zake mwenyewe. Mjane akianza na vitanzi mia na ishirini, ni kwa kuwa yeye alianza na mia na ishirini. Idadi zote aliziandika humo humo kwenye hadithi. Kwake, kusema "akafuma" bila kusema vingapi kulikuwa sawa na kusema "akapika" bila kusema nini.

Jambo ambalo hakulitarajia ni kwamba watu wangefuma pamoja na mjane. Kufikia sura ya tatu, duka la nyuzi lilikuwa limeishiwa uzi wa kijivu. Kwenye foleni ya masjala aliona wanawake wenye kipande cha gazeti kilichokunjwa kwenye pochi na sindano zimechomoza kama antena. Alijifanya haoni, lakini mumewe alimwambia siku hizo alikuwa anatembea kama mtu mwenye viatu vipya.

Mhariri alikuwa amempa sura sita za majaribio. "Malalamiko yakizidi sifa," alisema, "ukurasa unarudi kwa mafumbo ya maneno." Na mtunza majalada, ambaye mwanzoni aliandika ili kumkomoa mtu wa maharage, sasa alikuwa anautaka ukurasa ule kuliko alivyotaka kukiri. Kwa wiki tano alikuwa ameamka asubuhi na jambo lake mwenyewe la kufanya. Si la hospitali, si la mume, si la watoto. Lake.

Sura ya tano ilitoka Jumamosi. Jumatatu, saa moja na nusu asubuhi, alipofika kazini, alikuta umati langoni.

Katikati ya umati alisimama mlinzi wa lango, mikono yote miwili juu kama mtu aliyekamatwa na wenzake. Hakuwa na kichwa. Mahali pa kichwa palikuwa na kifuko cha kijivu kinachotoa sauti.

"Vuta chini!" alisema mzee mwenye mkongojo.

"Juu! Vuta juu!" alisema mwingine.

"Mpelekeni wodi ya wazazi," alisema muuguzi mmoja aliyekuwa anatoka zamu. "Njia haijafunguka."

"Mnacheka," ilisema sauti kutoka ndani ya sufu, "na mimi pumzi inaisha."

Mtunza majalada aliweka mkoba chini, akamshika mlinzi kiunoni kwa amri bila kuomba ruhusa, akamwinamisha na kuivua sweta kwa mpigo mmoja, kama anavyowavua wanawe wakigoma kuoga. Mlinzi akatokea, nywele zimesimama, masikio mekundu.

"Ahsante, dada. Ningezikwa nimesimama." Akajifuta uso. "Mke wangu kafuma wiki tano. Kafuata gazeti neno kwa neno, hata kula tulikuwa tunakula kwa zamu. Huyo Mama Kipupwe nikimkuta!"

"Utamfanya nini?"

"Nitamvalisha."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Alikuwa ameshika sweta, na vidole vyake vilikuwa vimeanza kuhesabu shingo vyenyewe. Sabini na mbili. Alihesabu tena, kinyume. Sabini na mbili.

"Niachie hii sweta hadi kesho, kaka," alisema. "Nitairekebisha."

"Kwani unajua kufuma?"

"Kidogo."

Saa nne simu ikalia. Alikuwa mhariri, na hakusalimu.

"Simu ishirini na tatu hadi sasa. Shingo haipiti kichwa. Kuna bwana mmoja ametembea na sweta usoni hadi kwa jirani kuomba mkasi, kagonga nyumba ambayo si yenyewe. Mama, umefanya nini?"

"Nimekosea."

Mhariri hakuwa amezoea waandishi wanaojibu hivyo. "Basi nitaweka kisanduku cha masahihisho, na hadithi naifunga hapo hapo. Jumamosi mafumbo yanarudi."

"Sura ya sita unayo mezani."

"Ninayo. Anamtupia sweta kutoka dirishani, jamaa anasema ahsante, jua linatoka. Samahani, lakini hiyo ni chai iliyochujwa mara tatu. Haiwezi kuokoa shingo ya mtu."

Ilimchoma kwa sababu ilikuwa kweli. Aliiandika sura ile haraka haraka, akiogopa kumfikisha mjane mlangoni.

"Nipe hadi Jumatano saa sita mchana," alisema. "Na usiweke kisanduku. Kosa ni langu, nitalisema mwenyewe."

"Utalisemea wapi?"

"Pale pale nilipolifanyia."

Mhariri akashusha pumzi ndefu. "Saa sita. Si saa sita na robo."

Jioni hiyo alitandaza sweta ya mlinzi kwenye meza ya chakula, akafungua daftari lake kando, na kando ya daftari akaweka kikapu. Haikuchukua muda kumwona mwizi. Alhamisi iliyopita shule ilikuwa imeleta ujumbe mkali: kitinda mimba wao hana sweta ya sare na kipupwe kinakaribia kwisha. Kwa hiyo akaiweka pembeni sweta kubwa, akashika ile ndogo, na ndogo ndiyo iliyokuwa mapajani alipoandika sura ya tano. Mjane wa ghorofa ya tatu alipaswa kuokota vitanzi mia na nne kuzunguka shingo. Aliokota sabini na mbili, shingo ya msichana wa miaka minane.

"Kuteleza si kuanguka," alisema mumewe.

"Mimi nimeanguka, tena nimeanguka na watu mikononi."

"Si uwaambie wafumue shingo tu?" alisema binti.

"Hata mabega nimewaunganishia kwa kipimo cha mtoto, kwa hiyo tundu lenyewe ni dogo, si ukosi peke yake. Inabidi wafumue ukosi, mabega na mikono, waanze sura ya tano upya. Ni kazi ya wiki nzima. Mtu aliyefuma wiki tano, mwambie afumue, atakufumua wewe."

Binti akaivaa sweta kujaribu. Ikamkwamia kwenye nyusi. "Sioni kitu," alisema kutoka ndani, "ila nasikia vizuri." Kitinda mimba akacheka hadi akakaa chini sakafuni.

Mumewe alikuwa anatazama huku anakuna kidevu. Hakujua kufuma hata kamba ya kiatu, lakini vitu visivyopita mahali alivijua. "Sisi jokofu lisipopita mlangoni," alisema, "hatuvunji ukuta. Tunang'oa mlango."

"Hapa mlango uko wapi?"

"Mimi nitajuaje? Ila kila nyumba ina mahali ilipounganishwa."

Mkewe alimwangalia, kisha akaiangalia sweta. Mikono yake ikatangulia akili. Ikageuza sweta, ikatafuta bega la kushoto, mahali kifua kilipokutana na mgongo kwa mshono. Akauchomoa mshono ule kwa ncha ya sindano, kutoka shingoni hadi begani, na ukosi wenyewe akaufungua hapo hapo. Sweta ikafumbua mdomo. Akaokota vitanzi kwenye kila ukingo, akafuma kipande chembamba cha mistari sita huku, sita kule, upande mmoja akaacha matundu matatu, upande wa pili akashona vifungo vitatu. Ilimchukua muda wa wali kuiva na kupoa.

"Lete kichwa," alimwambia mumewe.

Kichwa cha fundi wa majokofu kilikuwa maarufu katika ukoo. Kofia zake zote alizikata nyuma. Kikapita bila kugusa ukingo. Akamfunga vifungo vitatu begani, akarudi nyuma hatua mbili kumtazama.

"Mbona inapendeza kuliko isingekosewa?" alisema binti.

"Usiniharibie majuto yangu," alisema mama yake, lakini tayari alikuwa anatafuta kalamu.

Kalamu ikagoma. Sweta ilikuwa imepona, hadithi ilikuwa bado mgonjwa. Kumwandikia mjane bega lenye vifungo ilikuwa rahisi. Kazi ilikuwa kusema kwa nini alikosea. Mjane hakuwa na mtoto wa shule. Alikuwa na macho yake na dirisha lake basi.

Jumanne asubuhi alimkabidhi mlinzi sweta yake langoni. Mlinzi akaivaa kwa hofu, macho ameyafumba kama anayepiga mbizi, akatokea upande wa pili salama. Akapapasa vifungo.

"Dada! Hii sasa ni ya bosi. Mke wangu atataka kujua umejifunzia wapi."

Angeweza kuishia pale. Alikuwa na funguo za masjala mkononi na foleni ilikuwa inamngoja. Akapiga moyo konde.

"Kaka, Mama Kipupwe ni mimi."

Mlinzi alimtazama juu hadi chini, kisha chini hadi juu. "Wewe? Wewe uliyenirudisha nyumbani kwa sababu kwenye cheti changu kulikuwa na nukta iliyozidi?"

"Ndiye mimi. Nilihesabu shingo ya mwanangu nikaandika kuwa ya mtu mzima. Nisamehe. Na mwambie mkeo namwomba radhi."

Alingoja kufokewa. Mlinzi alimsogelea, akatazama kulia na kushoto, akashusha sauti.

"Sasa niambie. Atashuka, hatashuka?"

"Nani?"

"Mjane! Nyumbani kwangu hakulaliki. Mke wangu anasema atashuka. Mimi nasema mwanamke aliyekaa wiki tano dirishani hashuki ng'o. Anamtazama mwenzake kutoka kule juu kama anatazama kuku. Huwezi kumjua mtu kwa utosi wake."

Mtunza majalada akabaki amesimama.

"Rudia hapo."

"Wapi? Kwenye kuku?"

"Kwenye utosi." Akashika mkoba wake vizuri. "Kaka, naomba kichwa chako."

"Si umeshakitoa jana?"

"Nataka kukiweka gazetini. Kile kisa cha jana langoni, mikono juu na kila kitu. Ila nitasema ni fundi saa."

Mlinzi akafikiri kwa uzito, kama mtu anayeuza kiwanja. "Mrefushe kidogo," alisema. "Na yule muuguzi mtoe."

"Muuguzi sitamtoa."

"Basi mrefushe sana."

Alimrefusha. Alirudi kutoka kazini, akala amesimama, akafukuza kila mtu mezani, na safari hii mjane hakukaa dirishani. Alishuka. Alishuka ngazi zote na sweta mikononi, moyo ukimgonga, akamkuta fundi saa anafungua kibanda, akamwambia neno moja tu, "Jaribu." Fundi saa akajaribu. Kichwa kikaingia, kikakwama, mikono ikabaki juu. Wapita njia wakasimama. Mmoja akashauri vuta chini, mmoja vuta juu, na muuguzi aliyekuwa anatoka zamu akashauri wodi ya wazazi.

Mjane angeweza kukimbia. Mwandishi wake alimtazama kwa muda mrefu pale, kalamu hewani, kwa kuwa na yeye alikuwa akitamani kumwona akikimbia. Kisha akaandika:

"Nimekuhesabu vibaya," mjane alikiambia kifuko cha kijivu. "Nilikuwa nakutazama kutoka ghorofa ya tatu. Kutoka kule, kichwa cha kila mtu ni kidogo."

Kifuko kikasema: "Kwenye droo ya kushoto kuna kibano chembamba cha kufungulia saa. Anza na mshono wa bega. Na usiwe na haraka, huku ndani kuna joto."

Wakakaa kwenye kizingiti cha kibanda, fundi saa haoni, mjane anachomoa mshono. Hapo ndipo mwandishi alipoingiza maelezo yote: mistari sita huku, sita kule, matundu matatu, vifungo vitatu. Kifungo kwa kifungo wawili hao walizungumza, kwa sababu mtu akikushonea bega lako ukiwa umelivaa huna pa kwenda. Kufikia kifungo cha tatu fundi saa alikuwa amejua marehemu mume wa mjane alikuwa mtu wa namna gani, na mjane alikuwa amejua kwa nini fundi saa huvaa shati jepesi: sweta yake ya mwisho ilifumwa na dada yake, ilitoboka viwikoni, na tangu dada afariki hakutaka kununua nyingine dukani.

Binti aliisoma akiwa amesimama, kama kawaida yake. Safari hii alipofika katikati, akakaa.

"Vipi?" aliuliza mama.

"Hapa juu umeandika 'akahisi mapigo ya moyo wake yakipiga.' Mapigo hupiga, mama. Yafanye nini kingine?"

"Na kwingine?"

"Kwingine niache nimalize."

Jumatano saa tano na dakika hamsini sura ilikuwa kwa mhariri. Hakupiga simu. Alhamisi hakupiga. Ijumaa mtunza majalada aliwafokea watu wawili kwenye masjala, akawaomba radhi wote wawili, akawafokea tena. Jumamosi akamtuma mumewe gazeti, naye akarudi analisoma njiani, akajikwaa kwenye ngazi ya mlango wake mwenyewe. Sura ya sita ilikuwa pale, nzima, na hakukuwa na kisanduku. Mhariri alikuwa amekata sentensi moja tu, ya mapigo ya moyo.

Lakini kuchapishwa ni jambo moja, ukurasa ni jingine. Jumatatu alikaa masjala akipokea kadi na kutoa majalada, simu ameiegemeza kwenye mhuri. Ililia saa nne na nusu.

"Simu hamsini na moja," alisema mhariri.

"Za shingo?"

"Mbili za shingo. Moja ni ya mama anayesema sweta ya mumewe ilipita vizuri tangu mwanzo, na sasa majirani wanamwita mumewe kichwa cha njugu. Anataka tuandike kwamba kichwa chake ni cha kawaida. Nyingine ni ya bwana anayetumia mkono wa kushoto, anataka vifungo vihamie kulia. Hizo nyingine zote ni ugomvi. Nusu wanasema mjane alichelewa kushuka, nusu wanasema alifanya haraka. Hapa ofisini hatusemezani. Mtu wa mafumbo amekasirika kweli kweli, kwa hiyo nakupa ukurasa hadi mwisho wa joto. Unapenda nini wakati wa joto?"

"Sipendi kitu. Joto ni adhabu."

"Mama. Ukurasa."

Aligeuka akatazama nyuma yake, kwenye rafu zake, kisha dirishani, ambako jua la kwanza la kweli baada ya wiki nyingi lilikuwa limeangukia benchi la wagonjwa. Watu walikuwa wanasogea kidogo kidogo kuelekea ncha yenye kivuli, kila mmoja akijifanya hasogei. Mama mmoja mnene wa pale pembeni, mwenye mwamvuli, alikuwa ameshapoteza nafasi yake na alikuwa anaangalia huku na huku kwa hasira ya mtu atakayesema jambo.

"Nipigie saa saba," alimwambia mhariri. "Hapa kuna foleni."

Akakata simu, akavuta kadi iliyokuwa mbele yake. Mzee wa kwanza kwenye foleni alitaja jina lake. Hakulisikia.

"Samahani, baba, rudia," alisema mtunza majalada. "Kuna mama mmoja mwenye mwamvuli alikuwa ameanza kuongea."